"Shipping Intelligence" si ujasusi wa meli

Unauliza kama Shipping Intelligence uliyoiona kwenye gazeti la zamani la Kiingereza ni ujasusi wa meli. Hapana ndugu, hakuna mashushushu hapo. Katika magazeti ya Kiingereza ya karne ya 18 na 19, intelligence ilikuwa habari tu, taarifa iliyofika. Hiyo Shipping Intelligence uliyokutana nayo ni safu ya bandarini: meli ipi imetia nanga, ipi imeng'oa, nahodha nani, imetokea wapi. Mwenye mzigo baharini angeanzia hapo, siasa baadaye. Foreign Intelligence nayo ni habari za nje, na Latest Intelligence ni zile za moto moto. Maana ya ujasusi ilikuwepo pia tangu zamani, maana jasusi naye kazi yake si kuleta habari? Sisi wa leo neno intelligence tumelizoea kwenye akili mnemba (artificial intelligence) na usalama wa taifa, lazima lituchanganye.