He, she au they? Swali kutoka risepsheni Nyali

SWALI: Asalaam aleikum mwalimu. Mimi nafanya risepsheni kwa hoteli moja huku Nyali. Juzi tumepata imeli ya gesti anaitwa Alex, chini ya jina kaandika they/them. Mimi nikamwandikia meneja kwamba "he is coming on Friday", meneja akasema nimemkosea mgeni. Sasa ni mtu mmoja, hio they nitaitumia vipi? Halafu hata he na she zenyewe nazichanganya nikiongea mbio, wenzangu wanacheka. Na kakangu yuko bandarini, anasema wao meli huiita she, ni sawa?

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Naanza na hilo la kuchanganya manake ndilo la wengi, mpaka mawakili wa hapa Mombasa nawasikia nalo. Sisi tumekua na "yeye", lugha haijawahi kutuuliza kama tunayemsema ni mume ama mke, sasa ukiingia Kizungu unatakiwa uamue kabla hujafungua mdomo na ulimi unadaka ile iliyo karibu, mara nyingi ni he. Lakini panapouma zaidi ni his na her. Utasikia mtu anasema "Mary and his husband" na hashtuki. Kwetu "wake" inafuata kile kitu, mume wake, chumba chake, funguo zake. Kizungu kinamfuata mwenye kitu. Kwa hivyo jiulize tu ni cha nani, ni cha Mary, basi ni her husband, hata kama huyo mume ana ndevu mpaka kifuani.

Dawa ninayowapa watu wa hoteli ni hii: mwisho wa shifti chukua kile kitabu cha kukabidhiana, kila he, she, his, her itie duara, kisha vuta mshale mpaka kwenye jina la mwenyewe. Mshale ukikosa pa kwenda, ama ukienda kwa mtu siye, hapo ndipo ulipoteleza. Inachosha, najua, lakini inafanya kazi kuliko kukariri.

Sasa Alex. Huyo kakurahisishia kazi, amekwambia mapema. They ya mtu mmoja si mambo ya juzi, kamusi ya Oxford inaifuata mpaka mwaka 1375, na wewe mwenyewe unaitumia bila kujua. Simu ikisahauliwa kando ya swimingpuli si unaandika "Someone left their phone"? Hujui ni nani, hujui ni mume ama mke, na hakuna aliyekucheka. Kipya ni kuitumia kwa mtu unayemjua kwa jina na ambaye hajioni ni he wala she. Hio Merriam-Webster waliitia kwenye kamusi yao 2019, na mwaka huohuo wakaitangaza they kuwa neno la mwaka. APA nao, ule mwongozo wa uandishi unaowasumbua vijana wa chuo, toleo la 7 la 2019 limeikubali. Meneja wako hakukuonea bana.

Kwenye kuandika, kitenzi kinabaki cha wengi. They are, they have, they want. They is usiandike hata siku moja. Ukitaja jina ndio kinarudi cha mmoja, Alex is, Alex wants. Isikushangaze sana, manake you nayo zamani ilikuwa ya wengi, mtu mmoja alikuwa akiitwa thou, na leo unamwambia mtu mmoja you are na hakuna anayeuliza wako wangapi. Themselves na themself zote utaziona, wewe shika themselves hutalaumiwa.

Tatizo la kweli ni la kazini. Ukiandika "They want dinner in the room", mwenzako wa usiku ataagiza sahani mbili. Hapo jina ndilo linalokuokoa. Andika hivi: "Alex in 214 is travelling alone. Alex has lost their key and will collect a new one at 9." Umeona, their imekaa mara moja tu na hakuna wa kubabaika. Mimi hata kwa wageni ambao sijui kitu kuhusu wao naanza na jina, nikiishiwa ndio natumia they, mpaka mwenyewe aniambie. Jina la kwanza halikwambii kitu, Alex, Sam na Chris wako wa kila aina.

Kuna na hii sir na madam ya simu. Watu wetu wamefundishwa adabu na ni vizuri, lakini unamwita mtu sir kwa kusikia sauti tu, na kina mama wenye sauti nzito wapo tele. "Good morning, how may I help you" ina adabu ya kutosha bila sir. Ukitaka kujua, uliza "How would you like us to address you?" Usimuulize mtu wewe ni mwanamume ama mwanamke, hilo ni swali la polisi. Mwanamke usiyejua kama ameolewa mwandikie Ms, si Mrs. Uingereza utaona na Mx, ya mtu asiyetaka Mr wala Ms, hutamkwa miks au maks, ila usimbandike mtu ambaye hajajiita hivyo.

Pasipoti ni kando. Pale kwenye fomu unanakili kilichoandikwa, M, F au X (yaani haikutajwa M wala F), kwa sababu nchi kama Kanada, Australia na New Zealand zinatoa hio X. Lakini mwenye F anaweza kutumia they, na mwenye X anaweza kutumia she, kwa hivyo usisome pasipoti ukadhani umepata jibu. Na msiseme haya ni mambo ya wazungu peke yao, sensa yetu wenyewe ya 2019 ilihesabu watu 1,524 wenye jinsia mbili, wale ambao huku tunawaita huntha. Si kila huntha anatumia they, wala si kila anayetumia they ni huntha. Ndio nasema mfuate mtu alivyojiandika.

Ukikosea mbele yake sema "Sorry, they", kisha endelea na chekini. Ukianza kuomba msamaha dakika tano mgeni wa watu ndiye atakayeanza kukubembeleza wewe, na foleni imesimama. Na kwenye kompyuta andika tu they/them, basi, hadithi yake isifike jikoni wala kwa askari wa geti. Najua wako wenzako watakaosema dini hairuhusu hivi wala vile, wana haki ya imani yao, lakini mgeni hajaja kaunta kutafuta fatwa, amekuja kuchukua ufunguo.

Kwa kakako: manahodha wengi bado husema she, na jeshi la wanamaji la Uingereza hawajaiacha. Ila Lloyd's List, gazeti la mambo ya meli lililoanza 1734, liliiacha 2002 na sasa meli kwao ni it. Kwenye hati za mizigo na imeli za wateja na aandike the vessel, halafu it. Nahodha akisema she gatini, amwache na she yake.