Tenda za kambini: LPO, cheti na samaki wa Langoni

Barua nyingi za wiki hii zatoka Lamu, zahusu kuuzia kambi za jeshi za Manda Bay. Nimejibu tano.

*Dalali wa Mokowe ataka nimpe kilo mia mbili za samaki kila wiki kwa mali kauli, eti jeshi hulipa baada ya siku sitini. Nimpe? Muuza samaki, Langoni*

Bwana, jeshi halikujui. Linamjua yule ambaye jina lake limo kwenye LPO, ile hati ya jeshi ya kuagiza mzigo. Malipo yakichelewa, anayedaiwa pesa za barafu na mafuta ya boti ni wewe. Mwambie akupe nakala ya LPO, usome jina, kiasi na tarehe. Akianza kuzungusha maneno, achana naye. Akikuonyesha, andikianeni mkataba wenu, na upokee nusu ya pesa kabla boti haijaondoka. Na mizani! Samaki hupimwa Langoni, hupimwa tena getini barafu ikiwa imeyeyuka, na karatasi ya kupokelea mzigo huandikwa zile kilo za pili. Kubalianeni mapema mizani ipi ndiyo inayohesabika. Saini iwe ya aliyepokea mzigo, pamoja na jina lake na tarehe, si ya kijana wa boti.

*Sisi kina mama tunaoka mikate. Tajiri mmoja ataka atumie cheti chetu cha AGPO atupe asilimia tano.*

Mkataeni, dada zangu. AGPO ni mpango wa serikali wa kuyapa makundi maalumu nafasi ya tenda: asilimia 30 ya ununuzi wa serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na yeye hayumo. Cheti hutolewa bure, kwa sharti kwamba asilimia 70 ya wanachama, na viongozi wote, wawe wa kundi hilo. Atakula faida, kodi na kesi ziwabakie nyinyi. Kwa tanuri moja, mimi ningeanza na tenda za kaunti, ambako angalau asilimia 20 ni ya wakazi.

*Kijana adai shilingi 40,000 anisajili niuzie Wamarekani wa Camp Simba.*

Usajili wa SAM.gov, tovuti ya serikali ya Marekani ya kusajili wanaotaka kuiuzia, ni bure, na UEI, namba ya utambulisho wa muuzaji, pia. Hizo 40,000 nunulia friza.

*Mbona siku hizi nguru na kolekole hawaonekani sokoni? Kambi imewamaliza? Mama wa Mkomani*

Mama, tusiitwike kambi mzigo wote. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni mwaka 2014, uvuvi wa usiku ulipigwa marufuku, na marufuku hiyo ikakaa miaka. Mnunuzi mkubwa naye, awe wa hoteli ya Shela, wa Mombasa au wa kambi, hukutana na boti kabla haijafika sokoni, akalipa taslimu. Sisi tukabaki na vidagaa. Kinachoniudhi ni kwamba serikali iliyowafungia wavuvi bahari inanunua samaki wao kupitia madalali. BMU, vile vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, zipo. Jeshi na linunue kwao, bei ibandikwe ubaoni.

*Tumenyimwa tenda. Tufanyeje?*

Mna siku 14 tangu mpate barua ya matokeo kwenda kwenye Bodi ya Mapitio ya Ununuzi wa Umma, nayo ina siku 21 za kuamua. Kuna ada, na Nairobi si karibu. Someni barua kwanza. Ikiwa bei yenu ilikuwa juu tu, kaeni nyumbani. Ikiwa yasema hamkuambatanisha hati fulani, nanyi mna nakala yake iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, kateni tiketi ya basi.