Anti, nikichelewa kujibu meseji tu analia

SWALI: Shikamoo anti. Niko Tanga, nina mwezi wa 8 na mdada ambaye jamaa yake wa zamani alimpotezea miaka 4 halafu akaoa kwingine, yeye akaja kuona picha za harusi kwenye status. Sasa mimi nikichelewa kujibu nusu saa nakuta kanipigia mara 10, nikimletea hata viatu anauliza "umefanya nini?" Washkaji wanasema nipeleke posa atatulia. Nampenda ila nachoka.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo la viatu ndo limenigusa, inaonekana huko alikotoka zawadi ilikuwa inakuja baada ya kosa, kwa hiyo usimkasirikie. Acha kuapa apa, viapo kashavisikia vingi. Ukisema utapiga saa 2 usiku piga saa 2, ukijua simu itakuwa mbali mwambie mapema, "naingia kazini natoka saa 10", vidogo vidogo hivyo kila siku hata kama vinaboa. Ila simu yako kukaguliwa kila jioni hapana, leo ataangalia meseji kesho ataulizia zilizofutwa, na kupona hataponea humo. Ya nyuma usimchimbe, akitaka atasema. Na wewe ukichoka sema umechoka, usinune siku mbili, kimya ndo kinamtisha zaidi. Ukiona halali wala hali, maafisa ustawi wa jamii wapo halmashauri, muulize kama angependa umsindikize. Posa? Washkaji zako hao mmh, subiri kwanza aweze kupokea viatu bila kuuliza.