Usiguse Tarehe Bado: Kwa Mnaoanza Kazi ya Data za Uanagenzi England

Taarifa ya wiki ya DfE, Wizara ya Elimu ya England, ikitoka Jumatano, haipiti saa nane mchana kabla kijana mmoja wa ofisi ya data hajabadilisha tarehe za wanagenzi kumi na tano. Nia yake njema kabisa. Kasoma kwamba muda wa chini wa uanagenzi sasa ni miezi 8, kaona orodha ya watu waliopangiwa miezi 12, kaamua kuwasaidia. Wadogo zangu, huko si kusaidia.

Naandika kwa mlioingia mwaka huu vyuoni na kwa watoa mafunzo. ILR, rekodi ya kila mwanafunzi tunayoipeleka serikalini, mnaijua, na R01 mpaka R14, yaani awamu za kuipeleka kwa mwaka, R01 ikiwa ya Agosti, mnazijua, kwa hiyo sianzi na alifu. Nataka mshike jambo moja tu: kila badiliko la sera lina watu wake, na mara nyingi watu hao hujulikana kwa tarehe waliyoanza masomo. Ukisoma badiliko bila kujua linamgusa nani, bado hujalisoma. Na kumbukeni haya yote ni ya England peke yake. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini wana mifumo yao, msije mkachukua jibu la Cardiff mkaliweka kwenye faili la Leeds.

1. Tangazo si kanuni. Waziri akisema, hiyo ni habari. Kinacholeta fedha, na kinachozirudisha zilikotoka, ni kanuni za ufadhili za mwaka husika, 1 Agosti hadi 31 Julai. Kila unapobadilisha kitu kwenye mfumo, andika pembeni toleo la kanuni na namba ya aya uliyoitegemea. Kama huwezi kuitaja aya, acha.

Tazameni mabadiliko matatu yaliyofuatana, yote kuhusu uanagenzi, kila moja na watu wake. Februari 2025 sharti la kufaulu Kiingereza na hisabati kabla ya kumaliza liliondolewa kwa waliokuwa na miaka 19 au zaidi walipoanza, na liliwagusa hata waliokuwa katikati ya masomo. Muda wa chini wa miezi 8 ni wa walioanza 1 Agosti 2025 au baadaye, basi. Ufadhili wa ngazi ya 7 (sawa na shahada ya uzamili), kwa wanaoanza kuanzia 1 Januari 2026, umebaki kwa wenye miaka 16 hadi 21, pamoja na walio chini ya 25 wenye mpango wa EHC (wa elimu, afya na matunzo kwa wenye mahitaji maalumu) au waliolelewa chini ya halmashauri. Aliyekwisha kuanza kabla ya hapo anaendelea kulipiwa mpaka mwisho. La kwanza linarudi nyuma, la pili halirudi, la tatu linatazama tarehe na umri kwa pamoja. Sasa mtu anayetumia kipimo kimoja kwa yote matatu, tumfanyeje?

Na hapo kwenye umri, neno la kutazama ni "walipoanza". Mwanagenzi aliyeanza na miaka 18, leo ana 20, bado anadaiwa Kiingereza na hisabati. Ripoti yako ya umri wa leo itakudanganya kweupe. Tumia umri wa siku ya kuanza.

2. Tarehe iliyopangwa ya kumaliza. Hapa tukae kidogo, maana kosa hili ndilo linalorudiwa kila mwaka na ndilo linalouma kuliko yote.

Mnajua malipo yanavyokwenda. Asilimia 80 ya bei iliyokubaliwa hugawanywa sawasawa kwa miezi iliyopangwa, asilimia 20 husubiri kumaliza. Mwezi hulipwa kama mwanagenzi alikuwa masomoni siku yake ya mwisho. Chukua mtu wa bei ya £9,000, kaanza 2 Juni 2025, kapangiwa kumaliza 12 Juni 2026. Hesabu siku za mwisho wa mwezi kati ya tarehe hizo: 12. Asilimia 80 ni £7,200, basi kila mwezi £600, na £1,800 inasubiri.

Mwezi wa Januari 2026 kijana wetu anasoma habari ya miezi 8. Anaingia kwenye ILR, anarudisha tarehe ya kumaliza hadi 13 Februari 2026. Miezi imekuwa 8, £7,200 imegawanywa upya, kila mwezi ni £900. Na hesabu mpya haianzi mwezi huo, inaanza mwanzo wa mwaka wa ufadhili. R06 ikitoka, Agosti hadi Januari kila mwezi umeongezeka £300, jumla £1,800 kwa mtu mmoja. Wako kumi na tano, ni £27,000. Meneja wa fedha anatabasamu. Anauliza nani kafanya kazi nzuri hivi.

Hakuna kengele iliyolia. DLOCK_07, kosa linalotokea ILR isipolingana na akaunti ya mwajiri, hutazama bei, na bei haijabadilika. ULN, namba ya mwanafunzi, ni ileile, programu ni ileile, tarehe ya kuanza ni ileile. Tarehe ya kumaliza hakuna aliyeiuliza. Ndiyo maana kosa hili ni la hatari: mfumo unalipokea kwa heshima zote.

Juni na Julai 2025 ziko mwaka wa ufadhili wa 2024/25, na R14 ya mwaka huo ilifungwa Oktoba. Hazirudiwi. Kwa hiyo miezi miwili ililipwa £600 na sita £900, jumla £6,600, wakati ilipaswa kuwa £7,200. Yaani umeharakisha fedha ambazo hazijawa zako, na papo hapo umepoteza £600 kwa kila mtu. Kutafuta £600 hiyo mwaka mzima baadaye ni kazi ambayo simtakii mtu.

Kama ingekuwa fedha tu, ungerudisha tarehe, R07 ingezikata, mambo yakaisha. Shida ni kwamba tarehe kwenye mfumo huanza kuongoza watu. Mkufunzi anaiona ripoti inasema Februari, anambana mwanagenzi, anampeleka kwenye tathmini ya mwisho akiwa na miezi minane tu ya masomo. Anafaulu! Keki inakatwa. Kisha mkaguzi anafungua faili: kaanza Juni 2025, kanuni zake ni za 2024/25, muda wa chini ni miezi 12, huyu kakaa minane na siku kadhaa. Kwa kanuni zake hakutimiza uanagenzi wake, na fedha zake zote ziko mezani, siyo zile £1,800 tu.

Halafu saa. Kwa mtu wa wakati wote kanuni hizo zinataka saa 6 kwa wiki za mafunzo nje ya majukumu ya kazi, likizo ikishatolewa. Kwa mwaka mzima zinafika kama 278. Kijana wetu kaona 187 kwenye kanuni mpya, akadhani ndizo. Zile 187 ni kima cha chini kabisa kwa walioanza Agosti 2025 na kuendelea, ambao saa zao zimepangwa kwa kila programu na kuchapishwa kwenye jedwali. Mwanagenzi wa Juni ana upungufu wa saa 91, na kashahitimu. Utazipata wapi?

Basi mtu mwenye kasi afanyweje? Tarehe iliyopangwa iache ilivyo. Akimaliza mapema, na muda wa chini wa kanuni zake umeshapita, weka tarehe halisi ya kumaliza. Mfumo wenyewe utalipa miezi iliyobaki kwa mkupuo, na ile asilimia 20 itafuata akikamilisha tathmini. Akichelewa ni vilevile, usiisogeze mbele. Tarehe iliyopangwa hurekebishwa pale tu ulipokosea kuiandika, mfano umebonyeza 2025 badala ya 2026, na uwe na mpango wa mafunzo uliosainiwa wenye tarehe sahihi. Mkataba wa uanagenzi, mpango wa mafunzo na ILR visome kitu kimoja. Mkaguzi huanza hapo, na ana subira kuliko wewe.

3. Tarehe ya kuanza ni siku ya kwanza ya kujifunza yenye ushahidi. Kusaini fomu si kujifunza. Kupiga picha ya kitambulisho si kujifunza. Kuonyeshwa mlango wa dharura, nako hapana. Hili huwaka zaidi sheria inapobadilika tarehe fulani: kila mwajiri anataka watu wake "waanze" siku moja kabla. Mkubalie akikuonyesha somo lenyewe, siyo barua pepe ya kumkaribisha mtu.

4. Anayeondoka huondoka siku ya mwisho yenye ushahidi wa masomo, siyo siku barua pepe ya mwajiri ilipofika. Aliyeonekana mara ya mwisho 30 Oktoba hana malipo ya Oktoba. Siku moja hiyo inauma, najua, na kuna vidole vinavyowasha kuandika 31. Visiandike. Na aliyeondoka kabla ya siku 42 halipiwi kitu, kama programu ilipangwa kuwa siku 168 au zaidi.

5. Anayepumzika kwa makubaliano ni hali namba 6 kwenye ILR, siyo 3, ambayo ni ya aliyeondoka. Akirudi, weka alama ya kuanza upya na tarehe ya kuanza ya awali. Tarehe hiyo ya awali ndiyo inayombakiza kwenye kanuni zake za zamani. Ukiiacha wazi umemgeuza mwanagenzi mpya, na tumesharudi namba 2.

6. Mchango wa mwajiri uingizwe kwenye ILR ukishalipwa, la sivyo malipo ya kumaliza yanashikiliwa.

7. Watu wazima wasio wanagenzi: Adult Skills Fund, mfuko wa masomo yao, ilichukua nafasi ya AEB, bajeti ya zamani ya kazi hiyo, Agosti 2024, na mikoa yenye mameya ina fedha zake na kanuni zake. Anayeamua ni postikodi ya makazi ya mwanafunzi, siyo ya chuo. Msimbo wa mfuko 110 ni Greater Manchester, 112 West Midlands, 116 London, 105 ni mfuko wa taifa. Wanafunzi wawili kwenye dawati moja wanaweza kuwa na viwango viwili vya mshahara wa kustahili masomo ya bure. Chukua postikodi ya siku aliyojiandikisha. Akihama katikati ya kozi, usimhamishie mfuko.

8. Majina. ESFA, wakala wa serikali uliokuwa ukilipa fedha hizi, ilifungwa 31 Machi 2025 na kazi zake zikaingia DfE. Kazi za IfATE, taasisi iliyosimamia viwango vya uanagenzi, ziko Skills England tangu Juni 2025. Septemba 2025 uanagenzi na masomo ya watu wazima vikahamia DWP, Wizara ya Kazi na Pensheni. Mikataba na barua za zamani zenye nembo ya ESFA msizitupe wala msizibadilishe kichwa, ni ushahidi wa wakati wake. Kuna aliyetaka kuzichapa upya "ziwe za kisasa". Alizuiwa mlangoni.

9. Dirisha la mwezi hufungwa siku ya nne ya kazi saa 12 jioni. Peleka faili siku ya kwanza, soma makosa, sahihisha, peleka tena. Baada ya kila kupeleka, linganisha fedha za kila mwanagenzi na za mwezi uliopita, na yeyote aliyepanda au kushuka bila sababu unayoijua, fungua faili lake kabla hujafunga kompyuta. Hao kumi na tano wa Juni wangeonekana hapo R06, siku ya kwanza, wote wamepanda £1,800 sawasawa.