Mdogo wangu anaimba ukweli, nimsaidieje?

SWALI: Shikamoo anti, mdogo wangu yupo Mbagala anaimba kuhusu mabinti wanaoachishwa shule, mtaani wanamkubali kinoma ila redioni wanamwambia alete nyimbo za mapenzi, na hela ya studio hana. Nimsaidieje? Msomaji, Temeke.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza asibadilishe anachoimba, nakuomba sana. Marehemu Remmy Ongala aliimba shida za wanyonge na hata ukimwi, kipindi ambacho watu walikuwa wanaona aibu kuutaja, na leo kule Sinza kuna kituo cha daladala kinaitwa kwa Remmy. Hela yako we lipia studio, ngoma moja iliyorekodiwa vizuri inatosha kuanzia, afu kabla hajaitupia mtandaoni akaisajili COSOTA (ofisi ya hakimiliki) na yeye mwenyewe ajisajili BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), maana wengi wanahangaika miaka na miaka halafu mtu mwingine ndo anakula jasho lao (hii inaniuma mno jamani). Apite pia kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space pale Mikocheni akutane na wasanii wenzake. Na akipata shoo, we na ndugu wote lipeni kiingilio, hata kama ni buku mbili, msiombe kuingia bure.