Kwa Nini Hawaondoki?

SWALI: Mhariri, naandika riwaya ya taharuki kuhusu mume na mke waliohamia kisiwa cha wavuvi ambako wenyeji hawawataki. Sura ya pili wanavunjiwa madirisha, ya tatu mbwa wao anauawa, na ya nne wanatishiwa kwa kisu. Rafiki zangu wawili walioisoma wanasema hawakuogopa, na wote wameuliza: kwa nini watu hawa hawaondoki? Nifanyeje?

JIBU: Swali la rafiki zako ndilo riwaya yenyewe, nami nashangaa kwamba umelisikia kama lawama. Katika sura tano ulizotutumia, wahusika wako wana akiba, wana ndugu bara, na feri inapita kila siku. Mtu mwenye akili timamu angeipanda siku ile ile mbwa alipouawa. Wape sababu ya kubaki, tena mapema: labda wameuza kila walichokuwa nacho wakanunua nyumba hii, au mke anatafuta kaburi la baba yake aliyezaliwa hapo. Mimi ningechagua hili la pili, kwa kuwa linawapa wenyeji nao sababu ya kuwachukia, ambayo kwa sasa hawana. Amua wanaficha nini kuhusu kifo cha mzee huyo, kisha usimwambie msomaji.

Vitisho umevianza juu mno. Kisu kikishatoka sura ya nne, sura ya kumi utatoa nini? Tazama pale mume anapoamka na kukuta mashua yake imepasuliwa kwa shoka. Liondoe shoka. Acha jirani amsalimie jioni kwa adabu zote, amuulizie hali ya mkewe, aende zake. Asubuhi mume akute mashua zote za kijiji zimevutwa juu hadi kwenye nyasi, na yake peke yake, iliyoachwa pale pa siku zote, imebebwa na maji na kupondwa miambani. Kila mtu alijua kwamba usiku ule ni wa bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, lakini hakuna aliyemwambia. Atamshtaki nani, na kwa kosa gani?

Bahari yenyewe, hata hivyo, umeikosea. Kwako maji yanajaa saa moja jioni Jumatatu, na Ijumaa yanajaa saa ile ile, ilhali muda kati ya kujaa na kujaa tena ni takriban saa 12 na dakika 25, hivyo kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Ijumaa hiyo ingekuwa saa nne usiku na ushei. Bamvua nalo huja karibu na mwezi mpevu au mwandamo, wewe umeliweka kwenye nusu mwezi, wakati wa maji mafu, yanapojaa kidogo tu. Msomaji aliyekulia pwani atakifunga kitabu hapo.

Ningeifuta feri, mahali pake niweke njia inayopitika maji yakiwa yamekupwa tu, kama ile ya kisiwa cha Lindisfarne, Uingereza, ambayo hufunikwa mara mbili kwa siku. Mke akianza kuandika nyakati za maji kwenye kalenda ya jikoni, akitafuta usiku ambao njia itakuwa wazi kijiji kikiwa kimelala, msomaji atahesabu naye.

Sura ya tano usiiguse. Yule mtoto anayemrudishia mke kiatu kilichochukuliwa na maji, kikiwa kikavu, bila kusema neno, ndiye pekee aliyenitisha.