Kabla hamjamvua mtu uanachama

Kura za maoni za kumpata mgombea wa chama zikishapita, simu ya katibu wa kata haipumziki. Ujumbe unaoongoza kwa wingi ni huu: "Katibu, sikiliza hii." Chini yake kuna sauti iliyorekodiwa kwa kificho, jogoo anawika kwa mbali, na mtu mnayemfahamu nyote anasikika akisema mgombea wetu hafai. Kabla hujamaliza kuisikiliza umeshaulizwa: tunamfukuza lini?

Nimekaa kwenye kamati ya maadili ya chama changu, kwanza kata, baadaye wilaya, kwa misimu kadhaa ya uchaguzi. Chama sikitaji, maana ninayoandika hapa yanawahusu wa kijani, wa bluu na wa zambarau sawasawa. Ninachowaambia viongozi wapya ni kwamba aliyekisaliti chama kweli mara nyingi hupona, na anapona kwa sababu sisi tuliomhukumu tulikuwa na haraka.

Anzeni na shtaka. Mkiandika kwenye ajenda "kumjadili msaliti", mmeshahukumu kabla ya kikao. Andikeni tendo: siku fulani, mahali fulani, ndugu fulani alifanya jambo fulani, kinyume cha ibara fulani ya katiba ya chama. Ukishalazimika kuandika hivyo, mashtaka mengi yanakufa yenyewe. Aliyempinga mwenyekiti ndani ya kikao hana kosa. Kikao kiliitishwa ili watu waseme. Aliyeshindwa kikaoni kisha akaenda kuyamwaga kwa waandishi wa habari ana kosa la nidhamu, na adhabu yake ipo. Aliyepita nyumba kwa nyumba usiku kumwombea kura mgombea wa chama kingine, huyo amehujumu. Na wakala aliyepokea hela akasaini fomu ya matokeo huku anajua hesabu si yenyewe, kwangu mimi huyo ndiye mzito kuliko wote, ingawa sijawahi kuona kikao kikimkalia kwa hasira zile tunazomkalia mbunge aliyetukosoa redioni.

Kisha ushahidi. Siku hizi kila mtu anakuja na picha ya simu. Tuliwahi kuletewa picha ya diwani wetu aliyekatwa jina, kaketi ndani ya uzio wa mgombea wa upinzani, anacheka, sahani mkononi. Wajumbe walishapandisha mori. Mzee mmoja wa kamati akaomba tuletewe picha nzima, haikukatwa pembeni. Ilipokuja, kwenye kona aliyekuwa amekalia ndoo akila ubwabwa ni mwenyekiti wetu wa tawi. Ulikuwa msiba wa mama wa yule mgombea, na kijijini kwetu kwenye msiba hakuna chama. Baadaye tukajua aliyeituma alikuwa anaitaka nafasi ya yule diwani kwenye halmashauri ya wilaya. Tangu hapo, kabla ya kufungua picha au sauti yoyote, tunauliza kwanza nani kaileta na anapata nini mwenzake akiondoka. Wenye ushahidi wa kweli hawakasirishwi na swali hilo. Wanakuja kikaoni, wanasema walichokiona, wanasaini. Anayesema "mimi msinitaje" msijenge kesi juu ya maneno yake.

Barua ya tuhuma ipelekwe kwa mkono na isainiwe kwenye kitabu cha dispachi. Msiitupe kwenye kundi la WhatsApp ili wote wajue. Mpeni siku zilizoandikwa kwenye katiba yenu, msipunguze hata moja, na siku ya kikao mwacheni aseme mpaka amalize. Najua inachosha. Kuna watu wanaokuja na mkoba wa karatasi, wanaanza na historia ya ukombozi. Wavumilieni.

Sasa tufike panapobomoa kesi nyingi kuliko pengine pote, yaani nani anakaa kuhukumu. Kumbukeni yaliyowapata CHADEMA, chama cha upinzani hapa Tanzania, kwa Halima Mdee na wenzake 18. Waliapishwa kuwa wabunge wa viti maalum tarehe 24 Novemba 2020, chama kikasema hakikuwateua, na siku tatu baadaye Kamati Kuu ikawavua uanachama. Wakakata rufaa Baraza Kuu, nalo Mei 2022 likaitupa rufaa yao kwa kura nyingi mno. Kwa macho ya wanachama wa kawaida kesi ilikuwa nyeupe. Lakini Desemba 2023 Mahakama Kuu ikabatilisha uamuzi wa Baraza Kuu, kwa sababu waliokaa Kamati Kuu wakawahukumu ndio hao hao walioshiriki tena kwenye rufaa. Muhula wa Bunge ukaja kuisha 2025 wakiwa bado wanaitwa wabunge. Uwapende au usiwapende, chama kilikuwa na hasira zenye sababu na kikakwama kwenye jambo la viti vya ukumbini.

Huku chini wilayani tatizo ni kubwa zaidi, kwa sababu tuko wachache na mtu mmoja ana kofia nne. Katibu wa kata ni mjumbe wa mkutano mkuu wa wilaya, ni mjumbe wa kamati ya siasa au kamati tendaji, na pengine ndiye aliyeleta tuhuma. Dawa yake ni rahisi ila inataka uchungu wa kujinyima. Aliyeleta tuhuma aje kama shahidi, aseme, atoke. Aliyepiga kura ngazi ya kwanza asikae kwenye rufaa, na muhtasari uandike kwamba fulani alitoka ukumbini kabla ajenda haijafunguliwa. Piga hesabu ya akidi mapema bila hao. Isipotimia, peleka rufaa ngazi ya juu ambako mtuhumiwa hana mtani wala hasimu.

Wenzangu hulalamika kwamba huu ni utaratibu wa mahakama, sisi ni chama. Sawa, lakini mahakama ndiko mnakokwenda. Kwa Katiba ya nchi yetu, ibara ya 71, mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, ubunge wake umekwisha, na diwani naye yuko hapo hapo. Kwa hiyo ukimvua mtu kadi umemvua na mshahara na gari na mkopo wa benki aliouchukua kwa mshahara huo. Unadhani atakwenda kulima? Zitto Kabwe alivuliwa vyeo vyake CHADEMA Novemba 2013. Januari 2014 akapata zuio la mahakama, Kamati Kuu isijadili uanachama wake, na alibaki mbunge mpaka Machi 2015 kesi ilipomgeukia. Mwaka huo huo akarudi bungeni kupitia Kigoma Mjini, kwa tiketi ya chama kingine cha upinzani, ACT-Wazalendo. Kenya nako, chama cha ODM kiliamua 2019 kumfukuza mbunge wake wa Malindi, Aisha Jumwa, kwa kumuunga mkono William Ruto. Akaenda kulalamika kisheria, na Malindi ikaendelea kuwa yake.

Hapo ndipo ngazi za adhabu zinapokuwa na maana. Onyo, karipio, kusimamishwa, kuvuliwa uongozi, na mwisho kabisa kuvuliwa uanachama. Vijana wanaona ngazi za chini ni uoga. Mimi naziona ni akiba. Februari 2020 CCM, chama tawala, ilikaa kuwajadili wazee wake watatu, baada ya mazungumzo yao ya simu ya kumlalamikia mwenyekiti kuvuja mwaka uliotangulia. Yusuf Makamba alisamehewa, Abdulrahman Kinana alipewa karipio, Bernard Membe alifukuzwa. Membe akaenda kugombea urais kwa ACT-Wazalendo, na 2022 akarudi alikotoka. Kinana, aliyekaripiwa bila kufukuzwa, mwaka huo huo wa 2022 akawa makamu mwenyekiti wa chama, Bara. Chama hicho kingewafukuza wote watatu siku ile, kingekuwa kimejifungia mlango wa kumwita Kinana kilipomhitaji.

Na chungeni midomo. Septemba 2007, pale Mwembeyanga Temeke, Dk. Willibrod Slaa alisoma orodha ya mafisadi, na jina la Edward Lowassa lilikuwamo. Miaka minane baadaye Lowassa huyo huyo alikuwa mgombea urais wa CHADEMA, Slaa akaondoka, na mimi nina marafiki makamanda, yaani wanachama wa CHADEMA, waliotumia kampeni nzima wakieleza sentensi zao za zamani. Machi 2019 Lowassa akarudi CCM, ikawa zamu ya wale wa upande ule waliomwita majina mwaka 2015 kumpigia makofi. Mtu akiondoka semeni "tumepokea barua yake, tunamtakia heri," mkae kimya. Msemaji wa chama anayeshindana matusi na aliyefukuzwa anampa mkutano wa bure.

Kuna swali moja la hesabu ambalo kamati nyingi hazijiulizi: akiondoka, anaondoka na nani? Chama cha CUF kililipata jibu Machi 2019. Mahakama ilipoamua mgogoro wa uenyekiti kwa upande wa Profesa Lipumba, katibu mkuu wake Maalim Seif Sharif Hamad alihamia ACT-Wazalendo na ofisi za CUF Unguja na Pemba zikaanza kupakwa rangi ya ACT. Mshindi alibaki na hati na jina. Simaanishi kwamba mwenye watu asiguswe. Nasema tu kwamba kama ana watu, kikao cha hukumu kitanguliwe na ziara za matawi, mkawaeleze wanachama kosa lenyewe kwa utulivu, wakiwa bado wanawasikiliza. Ukienda baada ya hukumu unakuta kadi zimeshachanwa.

Mwisho ni mambo madogo ambayo hukumu haiyataji. Aliyevuliwa uanachama alikuwa na mhuri, daftari la wanachama, funguo za ofisi, na pengine ni mtia saini wa akaunti ya tawi. Andikeni barua ya makabidhiano siku ile ile, pelekeni watu wawili, mmoja wao awe mtu anayeelewana naye, na benki ipelekewe muhtasari wenye majina mapya ya watia saini. Na mwulizeni mapema nani admini wa kundi la WhatsApp. Kwetu alikuwa mhukumiwa mwenyewe, na usiku wa siku ya hukumu alitutoa mmoja mmoja, akaanza na mwenyekiti.